Jina Nililomwandikia Namba Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea jina la mwanafunzi. Ilikuwa masijala ya chuo kimoja Iringa, upande wa Mlandege, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imenikaza vidole. Nilipewa orodha ya wanafunzi wapya niwafungulie mafaili. Mmoja aliitwa Mwakyoma, mimi nikaandika Mwakyusa. Msajili wa chuo, mzee wa Kihehe aliyevaa koti la suti kila siku, alilipitia rundo lote akalichomoa faili hilo moja. Hakunifokea. Alinituma darasani nikamtafute kijana mwenyewe nimwombe radhi mbele ya wenzake. Nilikwenda. Kijana aliona aibu kuliko mimi.

Kwa jina naitwa Tusajigwe, ila wanafunzi wa miaka ya mwisho walinijua kwa jina la Mama Meza, na ninyi mnaofanya kazi hii sasa hivi huenda mmelisikia. Meza yenyewe ni ile ya pembeni ya uwanja wa mpira wa kikapu. Niliingia humo kwa sababu ya mwandiko. Mwalimu wa michezo wa chuo kile cha Iringa alikuja masijala akitafuta mtu anayeandika vizuri na asiyeshabikia timu yoyote. Msajili akanionyesha mimi kwa kidole.

Wakati wetu meza ilikuwa na watu wanne. Mwandishi ndiye anayejaza karatasi ya mchezo, na pembeni yake yuko msaidizi anayemsomea namba. Wa tatu anatunza saa ya mchezo. Wa nne anahesabu zile sekunde ishirini na nne ambazo timu inaruhusiwa kukaa na mpira kabla ya kurusha. Hatukuwa na saa ya umeme kwa hilo, tulikuwa na saa ya mkononi na mtu mwenye sauti. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa bluu, ili mtu akisoma baadaye ajue pointi ilipatikana lini. Kikapu cha kawaida ni mkwaju, yaani mstari wa mshazari, juu ya namba. Mtupo huru, ule wanaompa mtu aliyechezewa faulo, ni kidoti. Mchezaji akiingia anawekewa alama ya X mbele ya jina lake, na wale watano wanaoanza, alama hiyo huzungushiwa duara. Mwalimu wa michezo alinifundisha yote hayo kwa siku mbili. Siku ya tatu alinikalisha mezani, na tangu hapo sikuondoka kwa miaka mingi.

Baadaye nilimfuata mume wangu Mbeya. Nikapata nafasi katika chuo kingine, safari hii katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ndiye mwenye dhamana ya malazi, nidhamu na michezo. Huko kazi yangu iliongezewa kipande kinachoitwa uhakiki. Kabla ya msimu wa mashindano ya vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, kila chuo hupeleka orodha ya wachezaji, na kila jina lazima liwe na kitambulisho, picha na fomu ya zahanati inayosema huyu ana afya ya kucheza. Karani anaangalia uso, anaangalia picha, anaangalia faili. Yote yakikubaliana anapiga mhuri. Lengo la uhakiki ni kuzuia mamluki, yaani mchezaji ambaye si mwanafunzi anayechezeshwa kwa jina la mwanafunzi. Niliwahi kuwakamata watatu wa vyuo vingine, na nilijisifia hilo kanisani na sokoni.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu na ushee nistaafu.

Mwaka huo, mwezi wa pili, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja dirishani kwangu. Aliitwa Festo Sanga, kwao Ubaruku. Baba yake alikuwa ameanguka na pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, shambani akavunjika nyonga, na Festo ndiye mtoto wa kwanza. Mpunga hauwezi kumsubiri mtu. Alijaza fomu ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, nikamwambia pole, nikaiweka fomu kwenye faili lake kwa mkono wangu. Alikuwa kijana mrefu, na aliwahi kucheza kikapu sekondari. Sifa hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye fomu yake ya kujiunga.

Wiki chache baadaye Kocha wetu aliingia ofisini na kijana mwingine mrefu nisiyemjua, wakapitiliza hadi chumba cha Mshauri. Walipotoka niliitwa ndani. Mshauri alikuwa mtu mpole, msafi, anayekumbuka majina ya watoto wa watumishi wake. Alinieleza kuwa Festo Sanga amepoteza kitambulisho, kwa hiyo nimwandikie barua ya utambulisho wa muda, na picha mpya hii hapa. Nilitazama picha. Ilikuwa ya yule kijana aliyetoka mlangoni.

"Mzee, Festo ninamfahamu," nilisema. "Yuko Ubaruku. Fomu yake ya kuahirisha nimeiweka mimi."

"Imeshapitishwa na Baraza la Taaluma?"

"Bado, Mzee. Wanakaa mwezi wa saba."

"Basi kwa mujibu wa karatasi Festo yuko chuoni. Wewe ni karani, Mama. Andika kilichopo kwenye karatasi."

Miaka miwili mfululizo tulikuwa tumefungwa fainali na chuo cha Iringa, na Mkuu wa Chuo alikuwa amesema hadharani kwamba hatavumilia ya tatu. Nafasi ya Makamu Mkuu ilikuwa wazi, na kila mtu alijua Mshauri anaitamani. Nilijua haya yote. Nilijua pia kwamba nikikataa atatafutwa karani mwingine. Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika barua ile, bila kosa hata moja la herufi, nikabandika picha na kupiga mhuri. Fomu ya afya hatukuhangaika nayo. Ya Festo ilikuwepo tayari tangu alipojiunga, moyo mzima, mapafu safi.

Kijana alipewa jezi namba nane. Siku ya mazoezi ya kwanza alikuja dirishani kwangu, akaniamkia kwa adabu, akasema jina lake hasa ni Lusekelo. Alikuwa akipakia magunia ya viazi Mbalizi, na mama yake ana meza pale sokoni. Kocha alikuwa amemwahidi nafasi ya kozi ya cheti mwezi wa tisa. Alisema ameona vibaya kukaa chuoni bila hata mtu mmoja kumjua.

Nilimwambia asilitaje tena jina hilo ofisini kwangu. Akasema samahani Mama, akaondoka.

Msimu ulikwenda vizuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Lusekelo hakuwa na mbwembwe. Alikuwa na mikono mikubwa, na mpira ukigonga ubao ukarudi, mikono hiyo ndiyo iliyoudaka. Wakati mwingine wenzake walimwita Festo mara mbili tatu kabla hajageuka, wakadhani ana maringo. Mimi mezani nilikuwa nikiandika Sanga F., namba nane, mkwaju, mkwaju, kidoti.

Fainali ilikuwa ya mfululizo wa michezo mitatu, anayeshinda miwili ndiye bingwa. Wa kwanza ulichezwa kwetu Mbeya, tukashinda kwa pointi nne. Mchezo ulipokwisha wenzake walibebana, yeye akabaki kwenye benchi, kichwa katikati ya magoti, kiganja kifuani. Nilipita na karatasi zangu nikamuuliza vipi. Alisema moyo unamkimbia tu, utatulia. Nilimweleza Kocha. Kocha alisema kijana anayebeba magunia ya viazi hawezi kushindwa na mpira. Nikaona nimetimiza wajibu, nikaenda kupeleka nakala.

Mchezo wa pili ulikuwa Iringa, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja uleule nilikojifunzia kazi. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Robo ya tatu ilikuwa imebakiza dakika chache, kalamu yangu ni nyekundu, Lusekelo akafunga chini ya ubao. Niliinama kuweka mkwaju. Nilipoinua macho alikuwa anarudi kulinda, akitembea badala ya kukimbia. Akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyekumbuka kitu. Akapiga magoti, kisha akalala ubavu.

Mwamuzi alipuliza filimbi, mtunza saa akasimamisha saa. Wachezaji wetu walimzunguka wakimtikisa na kumwita, Festo, Festo, na wa Iringa nao wakaingia kuwasaidia kumwita. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza. Maofisa wa mashindano walikuwa wamekaa kulia kwangu na kushoto kwangu. Nililijua jina lake, na sikufungua mdomo.

Gari la waandaaji lilimkimbiza hospitali, mimi na Mshauri tukafuata. Alikuwa bado anapumua. Daktari alitoka haraka akauliza jina, umri, na kama mgonjwa ana historia yoyote ya ugonjwa. Mshauri alifungua begi akatoa fomu ya zahanati ya Festo Sanga. Daktari aliisoma palepale amesimama, akamshukuru, akarudi ndani. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, nimeegemea mlango. Tulikuwa tumempa habari za mwili wa mtu mwingine, na wote wawili tulilijua hilo. Mshauri alinitazama mara moja tu, kisha akatazama simu yake.

Kabla jua halijazama daktari alirudi akatuambia amefariki.

Waandaaji hawakuwa na kosa. Walifanya walichotakiwa kufanya. Walichukua orodha ya wachezaji wakapiga namba ya mzazi iliyoandikwa mbele ya jina la Festo Sanga.

Jumapili asubuhi nilikuwa nyumba ya wageni nikifunga mkoba wangu, simu ikaita.

"Shikamoo Mama Meza. Mimi Festo."

Nilikaa kitandani, simu sikioni.

"Mama, nilikuwa kambini shambani, simu haina chaji. Nimerudi nyumbani sasa hivi nikakuta turubai limefungwa na watu wanalia. Baba amezimia mara mbili. Mama mdogo aliponiona amekimbia. Wanasema nimekufa Iringa kwenye mpira." Nyuma yake nilisikia wanawake. "Mama, nani amekufa?"

Nikamwambia ni Lusekelo wa Mbalizi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina hilo. Nilimwambia pia kwamba barua iliyomweka mtu mwingine mahali pake niliiandika mimi, amwambie baba yake hivyo, na kwamba nitakuja mwenyewe. Festo hakunitukana. Alisema tu, "Sawa, Mama," kama alivyosema siku ile nilipompokea fomu.

Nilimkuta Mshauri mezani anakunywa chai na Kocha. Mbele yao palikuwa na karatasi iliyokwishaandikwa. Ilisema chuo kimedanganywa na kijana mmoja wa mtaani aliyejipatia utambulisho wa mwanafunzi kwa njia ya udanganyifu, na kwamba karani wa uhakiki hakuwa na namna ya kugundua. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu.

Nilimweleza kuhusu simu ya Festo. Kocha alifunika uso kwa mikono. Mshauri alisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kalamu.

"Mama, kijana ameshakufa, hana cha kupoteza tena," alisema. "Wewe umebakiza miaka mitatu."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimjibu vizuri. Nilisema nakwenda kunawa mikono, nikapita nyuma ya jengo, nikapanda bajaji hadi hospitali. Katika chumba cha maiti alikuwepo mhudumu mmoja mama wa makamo. Nilimwambia kuna marehemu ameletwa jana kwa jina lisilo lake. Aliniuliza mimi ni nani yake. Nikasema ni mtu aliyemwandika vibaya. Alinitazama, akaenda kuita mkubwa wake, na mkubwa wake akaita polisi. Nilieleza yote nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao, na askari akaandika. Nilipoondoka pale jina lilikuwa limerekebishwa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Mbalizi. Nilimwomba mama mzee mmoja wa kanisa letu anisindikize. Sokoni tulipouliza Mama Lusekelo, kila mtu alimjua. Polisi walikuwa hawajafika. Tulimkuta anapanga viazi kwenye madebe. Alitusalimia kwa Kisafwa, alipoona sikielewi vizuri akarudia kwa Kiswahili, akatuuliza tunataka viazi vya chipsi au vya kupika.

Yule mama wa kanisa ndiye aliyemwambia. Majirani zake walimshika wakamkalisha juu ya gunia. Alilia, kisha ghafla akataka kujua mimi ni nani. Nikajitambulisha, nikamweleza mpira na Iringa. Hapo ndipo nilipojua kuwa hakuwa na habari ya mpira kabisa. Lusekelo alimwambia amepata chuo, anasoma. Jioni alikuwa akirudi na daftari. Daktari alimkataza kukimbia tangu yuko darasa la tano, kwa sababu ya moyo, na mama alikuwa na karatasi za kliniki nyumbani, amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Hata magunia alikuwa akimsihi ayaache.

Kisha akauliza jambo moja.

"Alipoanguka, walikuwa wanamwita nani?"

"Walikuwa wanamwita Festo."

"Na wewe ulilijua jina lake?"

"Nililijua, Mama."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Angeitika," akasema. "Yule hata awe usingizini, ukimwita Lusekelo anaitika."

Sijui angeitika au la. Baadaye, kamati ya uchunguzi ilipokaa, daktari wa Iringa aliulizwa kama zile karatasi za kliniki zingeokoa maisha. Alisema labda zingemfanya aanze na jambo jingine, na labda isingesaidia. Jibu hilo ndilo ninaloishi nalo. Lingekuwa ndiyo ningejua uzito wake. Lingekuwa hapana ningepumua.

Alizikwa Mbalizi. Timu ya chuo cha Iringa ilikuja yote, wakasimama nyuma na jezi zao chini ya makoti. Walipewa ubingwa kwa barua, wakakataa kupokea kombe, kwa hiyo mwaka ule hauna bingwa, na kwenye orodha zenu mtaona pengo. Timu yetu haikuja kwa sababu ilikatazwa. Watatu walikuja hivyohivyo. Ubaruku nilikwenda kama nilivyoahidi. Baba yake Festo alinipokea akiwa kitandani, akanisikiliza, akageukia ukutani. Festo alirudi chuoni mwaka uliofuata, lakini wenzake walimpachika jina la Marehemu, kwa mzaha, na hakumaliza muhula. Alihamia chuo cha mkoa mwingine.

Kocha aliachishwa kazi. Mshauri alihamishiwa chuo kingine kwa cheo kilekile, na nimesikia sasa amepanda. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa mezani na ofisini, nikapelekwa stoo ya vifaa. Miaka mitatu nilihesabu majembe, magodoro na rimu za karatasi. Hakuna aliyenionea. Wapo waliosema nilipata adhabu ndogo, na mimi ni mmoja wao.

Vijana wanaponitembelea hapa Uyole hupenda kuniuliza ningefanya nini Mshauri aliponiambia niandike kilichopo kwenye karatasi. Wanataka niwape neno zuri la kumjibu bosi. Sina neno zuri. Ninalojua ni kwamba ilinichukua chini ya nusu saa kuandika barua ile, na wakati wote huo mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ningeweza kusimama nikatoka. Kazi yetu inatufanya tuone karatasi kuwa ni kitu na mtu kuwa ni habari iliyomo ndani yake. Ukishaona hivyo, unaweza kuandika chochote.

Siku ya kuniaga ilifanyika ukumbini, tulikuwa wastaafu wanne. Mkuu wa Chuo alikuwa mpya, hakunijua, alisoma alichoandikiwa. Alisema Mama huyu ametumikia masijala, ofisi ya wanafunzi na meza ya michezo kwa uaminifu, na katika miaka yote hiyo kumbukumbu zake hazikuwahi kuwa na dosari. Watu walipiga makofi. Nikapewa cheti na kipaza sauti niseme neno la shukrani.

Nilisema namshukuru Mkuu, lakini hapo aliposema hakuna dosari arekebishe. Nilisema niliwahi kuandika jina la uongo kwa kukusudia, kijana niliyempa jina hilo akafa, na mama yake yuko Mbalizi mpaka leo. Nilitaja majina mawili ya kijana huyo, la ubatizo na la baba yake.

Mshereheshaji alinisubiri kidogo, akamtazama Mkuu, kisha akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba chakula kiko tayari na tuanze na meza kuu. Watu wakainuka, viti vikaburuzwa, foleni ikaanza kujipanga ukutani. Mimi nilibaki jukwaani na kile kipaza sauti mkononi, bado kinawaka, na hakuna aliyekuja kukipokea.